Usiniambie Ni Efekti Tu

Katika kazi ya ubunifu wa michoro kuna sentensi inayotumika kama sabuni. Inaosha kila kitu. Mteja akiuliza, anaoshwa nayo. Mwanafunzi akisita, anaoshwa nayo. Ngozi imelainishwa? Ni efekti tu. Anga limepakwa rangi ya machweo saa sita mchana? Ni efekti tu. Maneno yamelazwa juu ya ukuta ambao haujawahi kuandikwa kitu? Efekti tu, kaka, mbona unakuza mambo?

Nitaikuza hiyo ya mwisho, kwa sababu inafundishwa kwa furaha na haihojiwi na mtu. Tafuta masomo ya Photoshop kwa Kiswahili na utamkuta kijana mwenye sauti ya uchangamfu akiwakaribisha wadau wajifunze kulaza maandishi barabarani, kuyabandika ukutani, kuyapindisha kwenye fulana, kuyaweka kwenye bango lililoshikwa na mtu. Masomo mengi ni mazuri. Unaonyeshwa namna ya kushika pembe nne za maandishi na kuzivuta hadi zikae juu ya pembe nne za kitu. Unapunguza ukali wa herufi kidogo, unaongeza kivuli, unahifadhi faili. Somo limekwisha. Mimi nasema limekatwa katikati.

Hoja yangu ni fupi. Ukiandika maneno bapa juu ya picha, kila anayeitazama anajua kwamba aliyetengeneza picha ndiye aliyeyaandika. Ukiyapa maneno hayohayo pespektivu, umeyatoa mkononi mwako na kuyaingiza ndani ya picha. Sasa yanadai kwamba yalikuwepo kamera ilipofika. Huo ni ushahidi, na anayetoa ushahidi hawezi kujitetea kwamba alikuwa anapamba.

Pespektivu ni ile hali ya vitu vya karibu kuonekana vikubwa na vya mbali vidogo, na mistari iliyo sambamba, kama reli, kuonekana ikienda kukutana mbali. Wasanii wa Florence waliigeuza kuwa kanuni katika karne ya 15. Filippo Brunelleschi aliionyesha kwa picha iliyotazamwa kupitia tundu na kioo. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaieleza katika kitabu chake kuhusu uchoraji. Kiini cha kanuni yao ni jicho: picha ya namna hiyo ina jicho moja lililosimama mahali pamoja. Lisogeze jicho hilo hatua mbili kushoto, na kila mstari utabadilika.

Kompyuta imechukua kanuni hiyo na kuifanya hesabu. Mstatili wa maandishi una pembe nne. Mahali unapotaka kuupeleka pana pembe nne. Kila pembe ina namba mbili, ya mlalo na ya wima, jumla namba nane, na hizo nane zinatosha kuamua kila pikseli iende wapi. Kuinamisha maandishi upande mmoja hakutoshi, kwa sababu mistari iliyoinamishwa inabaki sambamba, na jicho hulikataa neno hilo hata kama mwenye jicho hajui kwa nini. Mistari ya juu na ya chini lazima ikutane, tena ikutane palepale inapokutana mistari ya ukuta au meza iliyomo pichani. Kwenye ardhi tambarare, usawa wa upeo uko kwenye kimo cha kamera. Kama mpiga picha alishika simu kifuani, upeo unapita kwenye vifua vya watu wa kimo chake waliosimama mbele yake, wa karibu na wa mbali, na mistari yote ya mlalo ya bango lililosimama wima inakwenda kukutana kwenye usawa huo.

Kwa hiyo ukilaza maneno vizuri, umemtafuta mpiga picha, ukajua alisimama wapi, ukaazima jicho lake. Ulichoazima ni jicho la mtu aliyekuwepo, ili na maneno yako yaonekane yalikuwepo.

Uwezo huu haukuwa rahisi hivi siku zote. Photoshop ilitoka mwaka 1990; mwaka 2005 ikaongezewa kifaa kinachoitwa Vanishing Point, ambacho unakichorea uso wa ukuta nacho kinashughulikia hesabu iliyobaki. GIMP, ambayo hailipiwi hata senti, ina kifaa chake cha pespektivu. Siku hizi simu inakufanyia kazi hiyo ukiwa kwenye daladala. Kazi iliyohitaji fundi na siku nzima imekuwa kazi ya dakika kumi, na dakika kumi hazimpi mtu muda wa kujiuliza swali.

Lakini iko ishara ndogo ndani ya Photoshop yenyewe inayonipendeza. Maandishi yakiwa bado maandishi, yaani unaweza kurudi na kusahihisha herufi, programu hukuruhusu kuyakuza, kuyazungusha na kuyainamisha. Ukitaka pespektivu, amri inakuwa ya kijivu na haibonyezeki. Mpaka kwanza uyageuze kuwa picha ya pikseli, au umbo, au uyafunge ndani ya kifurushi kinachohifadhi asili yake. Sababu ni ya kiufundi tu, najua. Hata hivyo ni mafundisho mazuri: neno linapoingia katika pespektivu linaacha kuwa andiko na kuwa kitu. Na kitu kina mwenyewe.

Sipigi vita pespektivu. Mwaka 1977 filamu ya Star Wars ilifunguliwa na maneno ya manjano yaliyolala na kupotelea angani, na kazi hiyo ilifanywa kwa maandishi halisi na kamera iliyopitishwa juu yake. Hakuna aliyetoka ukumbini akidai kwamba angani kuna aya. Angalia pia mpira kwenye televisheni: pembeni mwa goli unaona tangazo limesimama kama ubao, halafu mchezaji anapita juu yake bila kujikwaa. Ni zulia lililolazwa chini, herufi zake zimevutwa ili kutoka mahali pa kamera kuu zionekane zimesimama. Macho yamedanganywa, mtu hakudanganywa. Kampuni imetaja jina lake yenyewe, kwa fedha yake yenyewe. Hakuna kinywa kilichoibwa.

Hicho ndicho kipimo ninachokitaka: maneno haya yanawekwa kinywani mwa nani?

Sisi tuna kipimo hicho tangu zamani, na tumekipata kwenye kanga. Jina la kanga huchapwa kiwandani. Aliyelitunga hatumjui, na mara nyingi hatujali. Lakini mwanamke akiichagua dukani, akaivaa na kupita nayo mbele ya mlango wa jirani, jina lile ni lake. Jirani akichomwa, huenda kumuuliza mvaaji, hapandi basi kwenda kiwandani. Na mvaaji akijibu, "Kwani mimi ndiye niliyeandika?", anacheka yeye na tunacheka sisi, kwa sababu sote tunajua aliyesema ni nani. Maneno yaliyo mwilini mwa mtu, au mkononi mwake, ni kauli yake. Sasa chukua picha ya mwanamke huyo, futa jina la kanga yake, laza tusi mahali pake likifuata mikunjo ya kitambaa vizuri kabisa. Umemtukania jirani yake kwa mdomo wake. Nenda kamwambie ni efekti tu.

Historia inatuonyesha kwamba tamaa hii ni kubwa kuliko programu yoyote. Iko picha maarufu ya Petrograd ya mwaka 1917, ya watu barabarani wakiwa na bendera. Katika picha ya asili, nyuma yao kuna duka lenye kibao cha biashara: saa, dhahabu na fedha. Katika nakala iliyorekebishwa kibao kinawataka watu wapiganie haki zao, na bendera inatangaza kwamba ufalme uangushwe na jamhuri idumu. Wakati huo hakukuwa na kompyuta. Mtu alikaa na brashi akafanya kwa mkono hichohicho tunachokifanya kwa kipanya. Huenda watu wale waliutaka ufalme uanguke. Huenda kila mmoja wao angeikubali sentensi ile. Lakini siku ile, kwenye bendera ile, hawakuiandika. Aliyeiandika aliona kwamba ukweli wao hautoshi, akawasaidia kusema.

Neno "kuwasaidia" ndilo linalotumika hadi leo. Miaka michache iliyopita ofisi moja inayofadhili miradi ya vijijini iliniletea picha za kutengenezea kalenda. Katika moja, wanawake sita wamesimama kando ya pampu ya mkono, na wawili kati yao wameshika karatasi ya manila iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mnene: TUNAOMBA PAMPU ITENGENEZWE. Maelekezo yalikuja kwa barua pepe, kwa adabu zote. Karatasi ile isomeke ASANTENI KWA MAJI SAFI. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: tumia mwandiko wa mkono kama ule wa mwanzo, ili uonekane ni wa kwao.

Nilirudisha kazi. Nikaambiwa kwa simu, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwenzake, "Ndugu yangu, hayo ni maandishi tu. Hatujawabadilisha sura." Kalenda ilitoka mwaka uliofuata, imefanywa na mwingine, na picha ile ilikuwa mwezi wa tano. Niliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa kazi safi. Upande wa kushoto, ambako karatasi ilikuwa karibu na kamera, herufi zilikuwa nene kidogo. Kulia zilipungua kwa mpangilio. Kidole gumba cha mama mmoja kiliikata herufi ya mwisho, kama ambavyo kingeikata kweli. Mwenzangu anaijua kazi yake, na hilo ndilo linalonikasirisha. Angekuwa fundi mbovu, herufi zingeelea, mtazamaji angeshtuka, na wale wanawake wangebaki na ombi lao.

Fikiria kalenda hiyo imetundikwa ukutani mwa ofisi yoyote inayoshughulikia maji. Mama yule anaingia, kwa mara ya tatu au ya nne, kuuliza habari ya pampu. Karani anainua macho ukutani na kumwona mama huyohuyo akishukuru, kwa mwandiko wake. Ombi lake limeshajibiwa naye mwenyewe. Hakuna chombo cha unyamazishaji kilicho laini kuliko hicho: humfungi mtu mdomo, unamwachia wazi na kusema kwa niaba yake.

Najua majibu yaliyoandaliwa, kwa hiyo niyapokee moja baada ya jingine.

La kwanza: siku hizi kila mtu anajua picha zinachezewa. Sawa, na tazama ujuzi huo unamsaidia nani. Mtu akijua kwamba bango lolote linaweza kuandikwa upya, bango la kweli nalo linapoteza nguvu. Wanasheria wawili wa Marekani, Robert Chesney na Danielle Citron, wamelieleza jambo hili kama gawio la mwongo: uwongo ukizoeleka, anayekamatwa na ukweli anapata pa kujifichia, anasema tu kwamba hiyo imetengenezwa. Wale wanawake wa pampu wakija kesho na picha yao ya asili, ofisi inaweza kusema iliyoghushiwa ni ya kwao. Kila karatasi tunayoibadilisha inapunguza thamani ya karatasi zote zitakazoinuliwa baadaye, zikiwemo zitakazoinuliwa na wewe.

La pili: teknolojia itawakamata. Mwaka 2010 Valentina Conotter, Giulia Boato na Hany Farid walichapisha njia ya kugundua maandishi ya mabango yaliyobadilishwa pichani. Msingi wake ni kanuni ileile ya Florence: maandishi yaliyo juu ya uso bapa yakipigwa picha hupinda kwa namna moja maalumu, na yaliyobandikwa baadaye huelekea kukosea kidogo. Ni kazi ya kupendeza. Lakini iangalie vizuri uone inamkamata nani. Inamkamata anayekosea jiometri. Anayeitii jiometri kikamilifu hakamatwi na jiometri. Wakaguzi wa habari kama PesaCheck na Africa Check wanafanya kazi muhimu, ila wao huja baada ya picha kusambaa. Mbunifu ndiye pekee aliyekuwepo kabla.

La tatu: akili unde itafanya hata nikikataa. Itafanya, ndiyo, tena bure na kwa sekunde chache. Basi usijilinganishe nayo kwa kasi, utashindwa. Kilichobaki mikononi mwako ni kimoja: wewe unaweza kuulizwa. Una jina, una anwani, una sababu ulizozipima kabla ya kubonyeza. Siku utakapokubali kufanya lolote unaloagizwa bila swali, utakuwa umeacha jambo pekee ambalo mashine haikuweza kukunyang'anya.

La nne ndilo zito, kwa sababu lina njaa ndani yake: mteja ndiye anayelipa. Sitamdharau mtu mwenye kodi ya nyumba. Lakini fundi wa kufuli naye analipwa na mteja, naye ana kodi ya nyumba. Ukimwita usiku akufungulie mlango, swali lake la kwanza ni nyumba ya nani. Swali hilo halimfanyi kuwa mtakatifu. Linamfanya kuwa fundi, na bila hilo ni mwizi mwenye vifaa. Kwa nini sisi, tunaofungua vinywa vya watu, tujione tuko juu ya swali hilo?

Wapo watakaosema tuiachie sheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote zinagusa uchapishaji wa habari za uongo. Zote pia zimelalamikiwa na wanahabari na watetezi wa haki, kwa sababu neno "uongo" likiwa mikononi mwa mwenye nguvu huishia kuwakamata wasio na nguvu. Sina hamu ya kuona polisi wakiwa wahariri wa picha. Ndiyo maana nasisitiza jambo hili liwe adabu ya kazi yetu. Fani isiyojiwekea mipaka huwekewa na watu wasioijua, na mipaka hiyo huwa haina mlango.

Nikitakiwa kusema ninachotaka kifanyike, ni mambo ambayo hayamgharimu mtu kitu. Wewe unayefundisha kwa video, endelea, tunakuhitaji. Fundishia ukuta wako, kikombe chako, kibao cha duka lako. Ukifika kwenye bango lililoshikwa na mtu, simama hapo dakika moja na waambie wanafunzi kwamba kuanzia hapa kuna mtu wa kuombwa ruhusa. Wewe unayetengeneza picha za kumwonyesha mteja fulana au jengo litakavyokuwa, andika juu yake neno "mfano", kwa herufi bapa zisizojificha. Hifadhi faili la asili kila mara, maana siku moja mtu aliyemo pichani anaweza kuhitaji maneno yake. Na ukiagizwa kubadilisha maneno yaliyo mikononi mwa watu bila wao kujua, kataa. Ukiwa na woga, kataa kwa ujanja: sema picha haina ubora wa kutosha, sema pembe haikubali. Huo ni uwongo mdogo na ninausamehe.

Anayetaka kumfanya mtu aseme asante yuko huru kufanya jambo moja la zamani sana: kutengeneza pampu. Kisha arudi na kamera, awape karatasi na kalamu, asubiri. Wakiandika asante, itakuwa na pespektivu bila programu yoyote. Wakiandika kitu kingine, apige picha hivyo hivyo.